Barua ya wazi kuhusu 18 niliyoiandika bila kuhesabu

Kwa Mkuu wa Chuo,
Kwa Mratibu wa Mafunzo ya Wauguzi Wasaidizi,
Nakala kwa Matroni wa hospitali tunakofanyia mazoezi.

Shikamooni.

Naandika barua moja kwa ofisi mbili, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Muhula uliopita niliandika mbili kuhusu zamu za wodi zinazogongana na vipindi vya chuo, kila ofisi na yake, na majibu yalifanana utadhani mlikaa meza moja kuyatunga. Chuo kilinijibu kwamba masuala ya wodi yapelekwe kwa mratibu wa mafunzo. Mratibu akanijibu kwamba masuala ya vipindi yapelekwe chuoni. Barua zote mbili ziligongwa muhuri, zote zilinitakia mafanikio mema. Leo nawaandikia wote pamoja, hadharani, kwa heshima zote, ili walau msomane.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi, masomo ya kutwa. Hapohapo ni mwanafunzi wa uuguzi msaidizi. Wanaofanya hivi tunajuana kwa macho: ni wale wanaolala kwenye basi wameshika nguzo. Kwenye kundi letu la mafunzo tuko kumi na wanane, na saba kati yetu tunasoma chuo kutwa. Hatukulazimishwa, hilo nalikubali mapema ili msipoteze wino kulijibu. Cheti cha uuguzi msaidizi kinampa mtu kazi ya kujisomesha nayo, na anayekusudia kuja kuwa muuguzi kamili au daktari anapata kujua mapema kama anaiweza harufu ya kazi yenyewe. Ni heri kujua mwaka wa pili kuliko mwaka wa sita.

Nianze na kosa langu, maana nikianza na malalamiko mtasema vijana wa siku hizi.

Ilikuwa zamu ya usiku, katikati ya muhula. Siku hiyo niliamka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi kipindi cha saa mbili. Nikawa darasani hadi saa tisa alasiri, nikaoga, nikabadili nguo, na saa moja jioni nikapokea zamu. Saa kumi alfajiri ndiyo saa ya kuzunguka vitandani na vipimo: joto, mapigo ya moyo, presha, oksijeni, na pumzi. Hivyo vinne vya mwanzo vina mashine. Unafunga mkanda mkononi, unabana kile kidude kwenye kidole, unasubiri mlio. Pumzi haina mashine. Pumzi unasimama, unatazama kifua kikipanda na kushuka, na unahesabu dakika nzima kwa saa yako ya mkononi. Tena mgonjwa asijue kwamba unamhesabia, maana akijua tu anabadili anavyopumua. Wakufunzi walitupa ujanja wake: ukishapima mapigo usiuachie mkono, endelea kuushika kana kwamba bado unapima, macho yako yakiwa kifuani.

Kitanda cha tisa alikuwa bibi mmoja aliyelazwa kwa sababu ya nyonga. Jioni alikuwa ameniita mjukuu wake na kuniuliza kama nimekula, swali ambalo wagonjwa hutuuliza sana kuliko sisi tunavyowauliza wao. Saa hiyo alikuwa amelala. Mashine zikasoma, nikaandika. Oksijeni imeshuka kidogo, joto limepanda kidogo, hakuna kilichopiga kelele. Nilipofika kwenye mstari wa pumzi nikaandika 18.

Sikuhesabu. Sitaki kujitetea kwamba nilihesabu vibaya, au kwamba nilihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili. Nilitazama blanketi, nikaona linapanda, nikaandika namba ambayo kila mtu huiandika. Aliyewahi kushika mafaili ya wodi anajua. Fungua mafaili kumi, utakuta 18, 20, 18, 18, 16, 18, kama vile wodi nzima inapumua kwa kufuata ngoma moja.

Saa kumi na moja kasoro robo sista wa zamu akapita kukagua. Akafika kitanda cha tisa, akasoma karatasi yangu, akamtazama bibi, akasoma tena. Akaweka kiganja chake juu ya blanketi, chini kidogo ya shingo, akainua mkono wenye saa. Nilisimama upande wa pili wa kitanda. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile.

"Ishirini na nane," akasema. Kisha, bila kupandisha sauti, "Hukuhesabu."

Ngoja niwaeleze maana yake, kwa wale wa upande wa chuo wasioshinda wodini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hospitali za Uingereza zina mfumo wa alama za tahadhari ulioanza kutumika mwaka 2012: pumzi 12 hadi 20 ni alama sifuri, 21 hadi 24 ni alama 2, 25 na kuendelea ni alama 3. Na alama 3 kwenye kipimo kimoja, hata vingine vyote vikiwa shwari, inatosha kumfanya mtabibu aitwe haraka. Pumzi huwa miongoni mwa vipimo vya kwanza kubadilika mgonjwa anapoanza kuharibikiwa, tena mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Karatasi yangu ilimpa bibi sifuri. Kifua chake kilikuwa kinasema tatu.

Daktari akaitwa, kifua kikasikilizwa, bibi akawekewa oksijeni na dawa ya mshipani kabla hapajapambazuka. Nimonia. Alipona, na nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini alipona kwa sababu sista yule alikuwa amelala mchana wake na alikuwa na macho ya kuona. Mimi nilikuwa macho saa ya ishirini na mbili.

Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walilinganisha athari za kukesha na za kunywa pombe. Walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za umakini kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia dereva kushika usukani. Akifika saa 24, anakaribia 0.10. Mimi nilikuwa katikati ya hizo namba mbili, na nimeshika kalamu ya mafaili ya wagonjwa kumi na wawili. Kama ningeingia wodini nanuka pombe, Mama Mratibu, ungenitoa kwa mkono wako mwenyewe, na ungekuwa na haki.

Sasa lililofuata asubuhi ile ndilo lililonifanya niandike. Sista hakunigombeza. Alivuta kiti, akaweka fomu ya taarifa ya tukio mbele yangu, akasema, "Kaa uandike kilichotokea, kwa mkono wako, kabla hujaondoka." Nikakaa. Zamu iliisha saa moja. Mimi nilimaliza kuandika saa mbili kasoro robo, kwa sababu sentensi yenye neno "sikuhesabu" haiandikiki upesi. Maabara ya kemia inaanza saa mbili na nusu na mlango unafungwa baada ya dakika kumi. Nilifika saa mbili na dakika hamsini na mbili. Kupitia kioo cha mlango nikawaona wenzangu wamevaa makoti meupe, kila mmoja na chombo chake cha kupimia. Msimamizi wa maabara akanitazama, akaonyesha saa ya ukutani, akarudi kwenye kazi yake. Sifuri ya siku.

Sifuri ile sikuikasirikia mara moja. Nilikwenda kulala. Nilipoamka ndipo nikapiga hesabu: ningeandika uongo wa pili kwenye ile fomu, mistari mitatu tu, "mgonjwa alibadilika ghafla baada ya kupimwa," ningewahi maabara na ningepata alama zangu. Mpangilio wenu, ninyi wawili, ulinitoza alama kwa kusema kweli. Najua hamkukusudia. Ila ndivyo ilivyokuwa.

Nikaenda kuchukua fomu ya chuo ya sababu za kutohudhuria. Ina visanduku vitatu: ugonjwa, msiba, wito wa mahakama. Nilimuuliza karani niweke alama wapi. Akanishauri, kwa nia njema kabisa, niandike ugonjwa.

Watu wanapenda kutuambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wahadhiri wametuambia, wakufunzi wametuambia, mjomba wangu huniambia kila nikipiga simu. Nimeitafakari methali hiyo vya kutosha kwenye mabasi ya alfajiri. Inamhusu mtu mwenye tamaa, anayechota huku na kule. Mimi sijashika mbili. Nimeshikwa na wawili, kila mmoja ananivuta upande wake, na hakuna anayemwangalia mwenzake.

Ushauri mwingine tunaopewa ni wa kupanga muda. Niliufuata. Nina daftari lenye rangi: bluu ni chuo, kijani ni wodi, nyekundu ni mitihani, njano ni usingizi. Ni daftari zuri sana. Kwenye wiki ile ya tukio lina ukurasa ambao kijani kinagusana na bluu bila hata mstari wa njano katikati, na rangi hizo mbili sikuzipanga mimi. Moja ilibandikwa na chuo mwanzoni mwa muhula. Nyingine ilibandikwa na mafunzo siku ya Ijumaa, kwa ajili ya wiki iliyokuwa inaanza Jumatatu. Mwanafunzi anaweza kupanga muda alioachiwa. Muda uliopangwa na wengine atauchorea rangi tu.

Tuzungumze namba, kwa kuwa mara nyingi jibu huwa kwamba saa ni nyingi mno, basi mtu achague. Chukueni mfano wa Marekani, ambako mambo haya yameandikwa wazi. Mwanafunzi wa shahada huhesabiwa kuwa wa kutwa akiwa na krediti 12 kwa muhula, na kila krediti kwa kawaida huchukuliwa kuwa saa moja ya darasani kwa wiki pamoja na saa mbili za kujisomea. Hiyo ni saa 36 kwa wiki. Anayetaka kumaliza shahada ya krediti 120 kwa miaka minne hubeba krediti 15, na anafika saa 45. Upande wa pili, sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inadai muuguzi msaidizi wa nyumba za kutunzia wazee apate mafunzo ya saa 75 kwa uchache, zikiwamo angalau 16 za vitendo chini ya uangalizi, na yako majimbo yanayodai zaidi ya mara mbili ya hizo. Chukua hizo 75, zigawe kwa wiki 15 za muhula. Ni saa tano kwa wiki. Hata zikiwa mara mbili ya hapo, ni kumi.

Saa kumi kwa wiki kijana mwenye afya anaziweza. Kwa hiyo jumla ya saa sigombani nayo, ingawa ya kwetu ni kubwa kuliko hiyo. Wala siombi zipunguzwe. Muuguzi msaidizi asiyefundishwa vya kutosha ni hatari kuliko aliyechoka, na nisingependa bibi yangu mwenyewe ageuzwe kitandani na mtu aliyefuzu kwa huruma. Ninachogombana nacho ni mahali zinapoangukia. Saa nane za wodi Jumamosi mchana ni mafunzo. Saa hizohizo zikiwekwa kati ya kipindi cha Jumatano alasiri na maabara ya Alhamisi asubuhi zinakuwa kitu kingine, na kitu hicho kinaishia kwenye mstari wa pumzi wa kitanda cha tisa. Jumla hamuiwezi kuibadili kirahisi, inatoka juu. Mahali zinapoangukia ni kazi ya watu wawili wenye kalamu na kalenda, na watu hao ni ninyi.

Mama Mratibu, najua utakalosema, kwa sababu umeshanitamkia: wagonjwa hawana likizo, na mwanafunzi ambaye hajaiona wodi usiku hajaiona wodi. Nakubaliana nawe kabisa. Usiku ndipo nilipojifunza kwamba mzee anayeomba maji mara ya nne hana kiu, anataka mtu. Usiku nilijifunza kumgeuza mgonjwa kila saa mbili bila kumwamsha, kukagua visigino na mfupa wa chini ya mgongo kwa kurunzi ndogo, na kutofautisha wekundu unaofifia ukibonyezwa na ule usiofifia, ambao ni mwanzo wa kidonda. Sitaki kunyimwa usiku. Nipe Ijumaa. Usiku wa Ijumaa nao ni usiku, wagonjwa ni walewale, na Jumamosi asubuhi hakuna maabara inayofunga mlango.

Na wewe, Mkuu wa Chuo, najua la kwako pia: tukimlegezea mmoja, kesho watajaa ofisini. Waache wajae. Utajua ni wangapi. Kwa sasa hakuna anayejua, kwa sababu karani anatushauri tuandike ugonjwa, na sisi tunaandika. Rejista zako zimejaa homa ambazo hazikuwapo.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo huwa linanisumbua. Muungano wa Ulaya uliweka katika agizo lake la mwaka 2003 kwamba mfanyakazi apate saa 11 mfululizo za mapumziko ndani ya kila saa 24. Madaktari walio mafunzoni huko Marekani walipata ukomo wao kwa njia ya uchungu: mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki hospitalini New York akihudumiwa na madaktari wanafunzi waliokuwa na zamu ndefu mno, baba yake akaifanya kuwa hoja ya hadharani, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo. Tazameni wanavyohesabu, lakini. Zinahesabiwa saa za kazi. Saa zangu za kemia si kazi, kwa hiyo wodi haizihesabu. Saa zangu za wodi si masomo ya shahada, kwa hiyo chuo hakizihesabu. Wodini mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo kanuni za mapumziko ya wafanyakazi hazinigusi. Chuoni, nikiwa wodini, mimi ni mtoro.

Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba namba 149 kuhusu wauguzi mwaka 1977, liliutolea na pendekezo, namba 157. Pendekezo hilo linataka kazi za vitendo za wanafunzi wa uuguzi zipangwe kwa kufuata mahitaji ya mafunzo yao, na kwa hali yoyote zisitumike kuziba mahitaji ya kawaida ya wafanyakazi. Naomba Matroni asome hapo taratibu. Usiku ule kulikuwa na muuguzi mmoja na sisi wanafunzi wawili. Hatukuwa tumeongezwa juu ya waliopo. Sisi ndio tuliokuwa waliopo. Simlaumu, Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu ya upungufu huo lazima iwe kwenye wodi ya mtu fulani. Lakini kama mnatuhitaji kiasi hicho, basi tupangieni kama watu mnaowahitaji.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Kaeni siku moja, kabla ratiba za muhula hazijabandikwa, ya chuo mkono huu na ya wodi mkono ule. Majina ni saba tu. Pasiwe na zamu ya usiku inayofuatwa na kipindi, jaribio wala maabara kabla ya saa 11 za mapumziko kupita, na ratiba ya wodi itoke mapema kama ya chuo inavyotoka. Kwenye fomu ya kutohudhuria ongezeni kisanduku cha nne, zamu, chenye nafasi ya saini ya sista. Mada za kinga ya maambukizi tunafundishwa mara mbili na kupimwa mara mbili, chuoni na mafunzoni, kwa slaidi zinazokaribia kufanana. Nimeshafanya mtihani wa kunawa mikono mara tatu sasa, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, naweza kunawa usingizini na nahisi nimewahi. Upande mmoja ukubali alama za mwingine, tupate alasiri kadhaa za kulala.

La mwisho ninalotaka kuomba ni gumu kuliko yote kwa sababu haliandikwi kwenye ratiba. Tuwe na ruhusa ya kusema "nimechoka" na isihesabiwe dhidi yetu.

Kwenye daftari letu la mazoezi kuna ukurasa wa tathmini, na mstari wa tatu ni "ustahimilivu", alama moja hadi tano. Wote tunajua anayekaa chini anapata mbili. Usiku ule, kati ya kitanda cha nane na cha tisa, nilijua kabisa sifai. Nilikuwa nimesoma joto la mgonjwa wa nane mara tatu na namba haikai kichwani. Palikuwa na njia ya kufanya: kwenda kwa sista, kusema siwezi kumalizia hawa wanne, nakuachia wewe au mwenzangu. Ni sentensi moja. Sikuisema, kwa sababu ya ule mstari wa tatu. Nikaenda na mafaili yangu hadi kitanda cha tisa.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sote, wa kumwogesha mgonjwa asiyejiweza bila kumvua heshima yake, ameshaacha mafunzo. Siku niliyomtazama niliona alivyokuwa akianza na macho, kutoka kona ya ndani kwenda ya nje, kitambaa bila sabuni, kila jicho na upande wake wa kitambaa, huku akimsimulia mgonjwa kila anachofanya kabla hajakifanya, na taulo halifunuki zaidi ya sehemu inayooshwa. Hayo yote yamo kwenye mwongozo, sote tumeyasoma. Yeye aliyafanya yaonekane kama adabu ya kawaida tu. Tathmini yake ya vitendo iliangukia siku ya jaribio la katikati ya muhula, saa ileile. Akachagua jaribio, kwa sababu chuoni ukifeli unalipia kozi upya na mafunzoni ukifeli unaambiwa ujaribu mwakani. Hakulia wala nini. Alirudisha sare imepigwa pasi.

Bibi wa kitanda cha tisa nilimkuta siku nane baadaye, wodi nyingine, amekaa kwenye kiti kando ya dirisha. Nilimwambia. Nilifikiri anastahili kujua ni nani aliyeandika ile namba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi nenda ukale, ndipo urudi unihesabu vizuri." Nilirudi. Zilikuwa 16, dakika nzima, na yeye alikuwa anacheka kidogo muda wote, kwa hiyo kipimo chenyewe huenda hakikuwa halali.

Ratiba za muhula ujao zinabandikwa hivi karibuni. Naomba mnijibu kabla ya hapo, na safari hii naomba jibu moja lenye saini mbili. Mkitaka kunitafuta, mnayo namba yangu ya usajili, wote wawili, ingawa ya chuo na ya mafunzo hazifanani. Jumatano usiku nitakuwa wodini hadi saa moja asubuhi. Alhamisi saa mbili na nusu nitakuwa nje ya mlango wa maabara, au ndani, kutegemea na basi.

Ni mimi,
mwanafunzi wa mwaka wa pili, masomo ya kutwa,
na muuguzi msaidizi mwanafunzi, zamu ya usiku.